Bawa la Boksi la Chanjo

Mnero, Nachingwea
Jumapili jioni

Mwanangu Skolastika,

Mama yako amekwisha kukuagiza juu ya chandarua, chakula cha njiani, dawa za tumbo na namna ya kuishi na wenyeji utakaofikia kwao. Ameyasema mara mbili, na kwa kuwa ninamfahamu, kesho alfajiri atayasema tena. Mimi sitayarudia. Wewe umekwenda kumuaga sista wa zahanati, nami nimekaa karakanani, kwenye benchi lililobaki tupu baada ya wewe kuondoa vitu vyako. Nimelifuta vumbi na kuona kwamba linafaa kuandikia. Yapo mambo ambayo siwezi kukuambia uso kwa uso bila kuishia kutoa amri, kwa hiyo ninayaandika.

Ni juu ya ndege. Mengi ya haya unayajua, kwa sababu ulikuwapo. Lakini uliyaona kwa upande wako, na mimi ninataka uyaone kwa upande wangu, angalau mara moja, kabla hujaenda Morogoro.

Ulipokuwa kidato cha pili, ulichukua simu ya kaka yako Benedikti ukanionyesha watu wanaorusha vijindege kwa rimoti, kisha ukaniomba vijiti vya mwanzi. Nikakuuliza ni vya nini. Ukasema ni vya mifupa ya bawa. Nilikuwa nimefundisha useremala katika shule ya ufundi ya parokia tangu ujana wangu. Nilikuwa nimetengeneza madawati, milango na majeneza ya watu kuanzia hapa hadi Lionja. Nikaona ni aibu binti wa mwalimu wa useremala achezee vijiti. Nikakuambia uniachie kazi hiyo. Nikakuchongea bawa zima la mninga, nikalipiga msasa, nikalipaka vanishi mara mbili. Lilikuwa zuri kweli. Tukapanda mteremko ulio nyuma ya shule, ukaitupa ndege yako ikiwa na bawa langu, nayo ikashuka kama meza iliyosukumwa kutoka juu ya lori.

Mama yako alikuwa anaanika muhogo hapo chini. Akaitazama, akauliza kwa upole, "Baba Benedikti, hiyo ndege inakwenda wapi, au ndiyo imeshafika?"

Wewe hukucheka. Uliokota vipande ukaenda navyo dukani, ukaomba mizani ya kupimia sukari. Uliporudi, ulinieleza kwamba bawa langu peke yake lilikuwa zito kuliko ndege nzima uliyotaka kuijenga, pamoja na mota yake na betri yake. Nikakujibu kwamba kitu chepesi huvunjika. Ukaniambia kwamba kitu kizito kikianguka huvunjika zaidi. Nikakuambia usinijibu hivyo, mimi ni baba yako. Kwa upande wangu mjadala uliishia hapo. Kwa upande wako ulikuwa ndio unaanza, kwa maana baada ya siku chache nilikukuta unakata lile povu gumu jeupe linalofungwa na televisheni ndani ya boksi, kwa wembe na rula, bila kunitaka ushauri.

Nilikutazama ukijenga ndege tatu kwa namna hiyo. Nilijifunza mambo ambayo sikuyajua. Nilijifunza kwamba waya uliokatwa kutoka katika spoki ya baiskeli unatosha kuvuta usukani wa mkia. Kwamba kile kimota kidogo mnachokiita servo huzungusha kijiti chake kidogo tu, lakini kidogo hicho ndicho kinachogeuza ndege nzima. Kwamba betri haifungwi mahali inapoenea bali mahali ndege inapokaa sawa. Ulikuwa unaiweka ndege juu ya ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, na kusubiri uone inainamia wapi. Ikiinama mkiani, unasukuma betri mbele. Ikiinama puani, unairudisha nyuma. Nilikuwa nikisimama mlangoni nikijifanya ninatafuta patasi. Vidole vilikuwa vinaniwasha kutaka kuishika.

Ni lazima nikueleze kwa nini vilikuwa vinaniwasha, na hapo sina budi kumtaja kaka yako.

Benedikti nilimfundisha useremala mwenyewe, akiwa mdogo kuliko wewe. Alikuwa na mkono mzuri. Lakini kila alipofikia mahali pagumu, pale ambapo ulimi wa ubao mmoja unaingia katika tundu la mwingine, nilimwambia, "Lete hapa," nikammalizia. Nilifikiri ninamwonyesha. Kazi zake zote zilitoka safi, na wageni walipozisifu alitazama chini. Nilidhani ni adabu. Siku moja alipokuwa na umri kama wako wa sasa, nilimpa agizo la dawati moja alitengeneze peke yake. Alikaa nalo wiki nzima, hatimaye akaniambia kwamba hajui kulifunga, kwa sababu hajawahi kulifunga. Leo anauza simu Masasi, ana maisha mazuri, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini nyumbani kwake hata kigoda kikilegea mguu humwita fundi. Mimi nimewafundisha watoto wa watu kushika randa, wa kwangu nikamnyang'anya. Sikuwahi kumwambia hivyo. Nimemwandikia barua yake wiki iliyopita, na hii ndiyo yako.

Ungedhani kwamba mtu aliyekwisha kuona hayo kwa mtoto wa kwanza hatayarudia kwa wa pili. Mimi pia nilidhani hivyo.

Alipokuja Injinia Lyimo na vijana wake kupiga picha za mashamba ya mikorosho upande wa Ruangwa, kwa ndege zao zisizo na rubani, ulikwenda kuwatazama siku mbili mfululizo. Siku ya tatu uliwapelekea ndege yako. Ulirudi jioni ukanieleza alichokuambia, na ninayakumbuka maneno yake kwa sababu uliyatamka kama mtu anayesoma hukumu. Alisema kwamba Jumamosi wanamaliza kazi Narung'ombe na kurudi Morogoro. Uilete huko jioni, upepo ukitulia. Ikiruka, ikageuka, ikarudi chini ikiwa nzima, nafasi ya kujifunza katika karakana yake ni yako. Isiporuka, ujaribu mwaka mwingine, kama atakuwapo.

Hukulala vizuri wiki ile. Servo ya mkia ilikuwa imeungua, na Ijumaa ukaondoka asubuhi kwenda Nachingwea mjini kwa yule fundi simu kutafuta nyingine. Bawa uliliacha hapa, juu ya benchi hili, gundi yake ikikauka.

Nikaingia. Sikuwa na nia mbaya. Nililitazama bawa lako, nikaona ule uti wa mwanzi uliolazwa katikati yake, na pembeni mwa mwanzi pana unga mweupe. Wewe ungefikiri ni unga wa povu. Mimi nikafikiri ni bungua, yule mdudu anayekula mti kutoka ndani. Unajua huku kwetu hatuachi mwanzi wala mti mkavu ukae mtupu. Nguzo ya nyumba, mwimo wa mlango, uchaga wa ghala, vyote tunavipaka mafuta ya maganda ya korosho, na mdudu hagusi. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyofundisha. Nikasema moyoni kwamba mtoto ameusahau uti wa bawa lake, na kesho ndiyo siku yake. Nikachukua kopo. Mafuta yalikuwa mazito, hayapakiki. Nikayachanganya na petroli kidogo, kama tunavyofanya siku zote, nikachovya brashi, nikapaka kwa uangalifu mkubwa kutoka ncha hadi ncha.

Povu likaanza kulia. Sina neno jingine. Lilitoa sauti nyembamba kama mafuta yanayochemka kwenye kikaango cha jirani, likanywea, likafanya mfereji, na mfereji ukapanuka mbele ya macho yangu hadi nikaona mbao za benchi. Nilijaribu kufuta kwa kitambaa, nikazidisha; sikujua kwamba petroli huyeyusha povu. Ule uti wa mwanzi ulibaki unang'aa, umehifadhika vizuri, haushikiliwi na kitu chochote.

Mama yako alikuja kwa ajili ya harufu. Akalitazama bawa, akanitazama mimi, akatazama kopo.

"Umeipaka ndege dawa ya mchwa," alisema.

Nikamwambia ni bungua, siyo mchwa.

"Haya, bungua. Wa huko angani wanaitwaje?"

Halafu akaketi juu ya gogo, akaacha mzaha, akasema kwamba mtoto atakuja kulia. Nami nilikaa hapo mlangoni nikikusubiri. Nimesubiri watu wengi maishani, nimewasubiri wagonjwa na nimewasubiri maiti, lakini saa zile zilikuwa na uzito wake. Niliwaza kukimbilia Nachingwea nikutafutie povu jingine nikujengee bawa kabla hujarudi, na kukuwekea mezani kama kwamba hakuna kilichotokea. Nilinyanyuka kabisa. Kilichonizuia ni kwamba nilipojaribu kukumbuka vipimo, sikuvijua. Nilikuwa nimeitazama kazi yako miaka mitatu kwa jicho la kutafuta kosa, na sikuwa nimeshika kipimo hata kimoja.

Ulirudi na servo yako ndani ya kifuko. Ukasimama. Hukulia. Uliniuliza, "Baba, umeweka nini?" Nikakueleza yote, na bungua nikamtaja, na nguzo za nyumba nikazitaja, kama mtu anayejitetea mbele ya baraza. Ulinisikiliza hadi mwisho. Kisha ukasema, bila kupandisha sauti, "Bungua anahitaji miezi, Baba. Mimi nilihitaji dakika kumi hewani."

Mwanangu, nimekosolewa na wakaguzi na mapadri. Hakuna aliyewahi kunisahihisha kwa usahihi ule. Maana ndivyo nilivyokosea mara zote: nililinda kitu kwa miaka mia, kumbe mwenyewe anataka kiruke kesho.

Jumamosi asubuhi ulikwenda kwa sista ukarudi na kifuniko cha boksi la chanjo lililovunjika, lile jeupe la kubebea barafu. Kilikuwa kifupi kuliko bawa la kwanza. Ukasema basi bawa litakuwa fupi. Nilikuomba kazi. Nilitaka unipe nikate, kwa sababu mkono wangu katika kukata haujayumba bado. Ulinitazama kwa muda, nikajua unapima. Ukaniambia, "Baba, shika hapa na hapa mpaka gundi ishike. Lakini usibonyeze."

Usibonyeze. Seremala hana kazi nyingine duniani ila kubonyeza. Tunabana kwa jiriwa, kwa kamba, kwa goti. Nilishika ule uti mpya ndani ya povu lile jepesi kama mkate, na wewe ukaendelea na servo yako upande wa pili wa benchi bila hata kunitazama. Mama yako alipita akaniletea chai, akaona mikono yangu haiwezi kupokea, akaninywesha mwenyewe kama mtoto, huku akicheka. Jua lilitoka dirisha hili likafika lile. Hukuniambia kwamba umenisamehe, na sikukuuliza. Ulikuwa umenipa kazi. Nimeishi muda mrefu, na sijui msamaha mwingine ulio bora kuliko huo. Huko uendako watakuwapo watakaokuharibia kazi kwa kukupenda au kwa haraka zao. Ukiweza, fanya kama ulivyofanya kwangu: mpe mtu kitu cha kushika.

Tulikwenda na bodaboda mbili, wewe na bawa mbele, mimi na kiwiliwili cha ndege nyuma. Baada ya Ruangwa upepo ukalishika bawa, na dereva wako akapiga kelele, "Dada, lilaze hilo, pikipiki yangu inataka kupaa na bado ninadaiwa." Ulicheka, nami nikasikia kicheko hicho kutoka nyuma kwenye vumbi. Kilikuwa cha kwanza tangu Ijumaa.

Kule Narung'ombe watu walikuwa wamekusanyika kando ya shamba la ufuta lililokwisha kuvunwa. Bawa lako lilikuwa na maandishi ya zahanati, tena yamesimama kichwa chini. Mzee mmoja akasoma, akatangaza kwamba ndege hii imekwisha kuchanjwa, haitaugua. Mwingine akasema shida si kuugua, shida ni ajali, na ajali haina chanjo. Injinia alisimama mikono nyuma, gari lake limepakiwa tayari, vijana wake wamekaa ndani. Jua lilikuwa limebakiza kidogo.

Ulifunga bawa kwa mipira ya tyubu. Uliiweka ndege juu ya vidole viwili, ukasogeza betri, ukaiweka tena. Kisha ukasimama nyuma yake, ukawasha, ukasukuma kijiti cha rimoti kushoto, na usukani wa mkia ukaenda kulia.

Mimi sikuelewa. Nilisikia tu ukisema, "Naomba nirekebishe." Servo mpya ilikuwa inazunguka kinyume na ya zamani. Injinia akatazama jua. Mmoja wa vijana wake akasema kutoka garini kwamba dada arushe tu, ataizoea hewani. Watu wakapiga makofi ya kukuhimiza. Hata mimi, mwanangu, hata mimi mdomo wangu ulifunguka kukuambia uitupe, maana niliona gari linaondoka na nafasi yako ndani yake. Wewe ukapiga magoti kwenye mabua, ukatoa skrubu, ukauchomoa ule waya wa spoki, ukauhamishia upande wa pili wa kijiti cha servo, ukakaza, ukasimama tena nyuma, ukajaribu. Kushoto ikawa kushoto. Ukajaribu kulia. Ukajaribu juu na chini. Hukuruka hatua hata moja, na hukumtazama mtu yeyote.

Halafu ukaitupa. Ilizama, nikafumba macho. Nilipoyafumbua ilikuwa juu ya mikorosho, nyeupe, fupi, inayumbayumba kidogo kama kifaranga, lakini iko juu na inageuka unapotaka igeuke. Ulizunguka nayo mara mbili, ukaishusha kwenye mabua ya ufuta, ikakwaruza pua na kusimama. Bawa halikupata hata ufa.

Injinia aliigeuza geuza, akachungulia ule waya uliouhamisha. Akakuambia, "Wengi hurusha kwanza, kisha hukagua vipande. Njoo Morogoro." Kisha akapanda gari.

Tuliporudi nilitaka kukuambia kwamba ule ukaguzi wako, ule wa kusimama nyuma na kujaribu kila upande hata watu wakikuharakisha, ulikuwa ni wangu. Kwamba ndivyo ninavyokagua mlango kabla ya kuutundika. Nilifurahi kwa kujiona ndani yako. Kisha nikafikiri njia nzima, nikakubali kwamba si wangu. Mimi hukagua ili kitu kisitingishike. Wewe ulikagua ili kitingishike sawasawa. Hilo hukulipata kwangu, na ninafurahi zaidi kwamba hukulipata kwangu.

Huko Morogoro utapewa ndege kubwa za watu, zenye kamera za thamani, na siku moja utaharibu. Siwezi kukuombea usiharibu. Ningekuwa ninakuombea usifanye kazi. Nikupe tu nilichokiona Ijumaa ile nikiwa mlangoni: ile hamu ya kukimbia kutengeneza kabla mwenyewe hajarudi, ili asijue, ina sura ya bidii, lakini ni woga. Kaa mlangoni umsubiri. Sema ulichoweka, na kwa nini. Inauma kidogo, halafu unapewa kazi.

Na kama miezi itapita bila mtu kukupigia makofi, usidhani ndege imeanguka. Sisi tutakuwa hapa tunaanika muhogo na kuuliza kama umeshafika. Mama yako ndiye atakayeuliza kwa simu. Mimi nitakuwa nyuma yake ninasikiliza.

Nimebakiwa na jambo moja, na ndilo gumu kuliko yote. Kesho asubuhi basi litasimama, na kondakta ataiona ndege yako, umeifunga katika kitenge cha mama yako. Atataka kuitupa kwenye buti, chini ya magunia ya watu. Ninawafahamu. Usiku wa jana nilikuwa tayari nimepanga maneno makali ya kumwambia, na nilikuwa nimekwisha kuchagua mahali pa kusimama. Nimeyaacha. Kwa kuwa mimi ni mzee na wewe ni binti, hatakuuliza wewe. Atanigeukia mimi na kuniuliza, "Mzee, hii tuiweke wapi?"

Nami nitamjibu, "Muulize mwenye ndege."

Baba yako